Kiungo cha Fimbo ya Baba

Msumeno ulimaliza kazi, na fimbo ya kuvulia ya marehemu baba ikalala mezani vipande viwili. Fundi akasonya, msonyo mrefu uliosikika mpaka nje ya karakana.

“Haya, Mama. Tumeshaiua.”

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani. “Sasa itengenezee kiungo,” alisema. “Iwe inachomoka na kuunganika.”

Fundi hakuhitaji kuambiwa sababu. Kaka yake mkubwa alikuwa na kigari kidogo kama kiberiti, na fimbo nzima isingeingia humo. Tangu mazishi ndugu hawa hawakuwa wakisalimiana, kila mmoja akiitaka fimbo hiyo, na sasa ilikuwa wazi nani kaipata. Ilimuuma sana. Yeye ndiye aliyekuwa akienda mtoni na baba, si yule.

“Bwana Tai!” alisema huku akikata bomba la shaba la kutengenezea jike, ule upande wa kiungo wenye tundu. “Mtu wa kuvaa tai kutwa, anashika chambo kwa leso. Akinasa samaki atamwomba radhi kwanza.”

“Ni kaka yako huyo.”

“Ndiyo aibu yenyewe.”

Akabana shaba ya dume kwenye jiliwa, akaanza kuipiga tupa. Mafundi wengine hutengeneza viungo vya vipimo vya dukani, ili upande mmoja ukipotea mtu anunue mwingine. Raha hiyo Bwana Tai hakustahili. Fundi alilichonga dume kwa jicho tu, nene huku, jembamba kule, kisha akalisugua kwa msasa laini, akalijaribu ndani ya jike, akalitoa, akalisugua tena. Lipate hitilafu kidogo tu huko mtoni, jamaa atakuja hapa kwa magoti. Wazo hilo lilimkolea hata akaanza kupiga mluzi.

Kazi yenyewe hakuiharibu. Kulipua kazi aliwaachia watu wa aina ya kaka yake. Alitia gundi, akazungushia uzi, akasubiri ikauke. Mama hakubanduka kwenye kigoda. Mwishowe fundi aliunganisha vipande, akaitikisa fimbo hewani. Haikucheza hata kidogo. Akaichomoa, ikalia pwa!

“Mwambie mwanao kipenzi,” alisema, “dume hili haliingii kwenye jike jingine lolote duniani. Apoteze kipande kimoja, aone.”

“Fundi mwingine hawezi kumtengenezea?”

“Wale vilaza? Thubutu!”

“Na wewe?”

“Hata mimi siwezi kurudia. Sikupima kitu.”

Mama akainuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Alivichukua vipande vyote viwili, akavitazama, kisha akamrudishia mwanawe kile cha chini, chenye mpini uliolika kwa kiganja cha baba yake. Kile cha juu akakibana kwapani.

“Hicho chako,” alisema. “Hiki nampelekea kaka yako. Mkitaka kuvua, mtatafutana.”