Panya Ndani ya Gunia

Umegeuza uso tena. Panya walipomaliza mayai na makinda yote ya ndege wa kisiwa cha jirani, mpaka kukawa kimya kule, uliugeuza hivyo hivyo.

Basi leo mtazame Sikudhani. Amekalia gunia la unga jikoni kwake, mdomo wa gunia ameubana kwa mikono miwili. Desturi ya kisiwa chao ni kumwaga kila gunia gatini, juu ya turubai, kutafuta panya kabla halijapanda kijijini. Leo mvua ilinyesha, hili wakalibeba lilivyo. Sasa kitu kinatembea chini ya mapaja yake.

Hatua kumi kutoka mlangoni, ndege wasiopatikana kwingine wamelalia mayai mchangani. Hawajawahi kumwona panya. Akija, watamtazama tu.

"Shemeji, chukua mchi, upige hapa," anasema.

Vuai, mdogo wa mumewe, amesimama kizingitini, haingii. "Nikimpasua humo kwenye unga tutakula nini? Boti hairudi mpaka mwezi ujao. Mfungulie aende zake."

"Aende wapi?"

"Si kapanya kamoja tu. Wewe hata mende unamkimbia." Anacheka, lakini mguu mmoja keshauvuta nje.

"Na akiwa na mimba?"

Vuai anatazama baharini. Ubavuni mwa gunia nyuzi zinakatika, moja, nyingine, kisha pua nyeusi inachungulia.

Sikudhani hana mkono wa tatu wa kuliziba tundu. Wewe unayo miwili, na imeshika kitabu. Kiweke chini. Ingia ndani sasa hivi.