Jembe la Mzee Sanga

Kipupwe kilipokaribia Makete, Tumwitike na mkwewe Lusungu waliyakwangua majembe udongo na kuyapaka mafuta yasije yakashika kutu stoo. Mipini ya siku hizi hubeba joto la mwenye jembe peke yake. Siku akifa, hupoa.

"Mama, mbona hili la baba lina joto?"

Mzee Sanga, mume wa Tumwitike, walimzika masika.

"Ni mikono yangu, mwanangu. Nimelishika mno."

Lakini Tumwitike alikuwa amevaa glavu. Alilizungushia gunia, akalisukuma nyuma ya mengine.

Asubuhi barafu ilikuwa imefunika shamba lote, isipokuwa kaburi. Pale udongo ulikuwa mweusi, unafuka mvuke.

"Mwanangu," Tumwitike alisema, "kalilete lile jembe."