Mikono ya Mama Kemilembe

Mke wangu ni mkunga, na mikono yake huazimwa na nchi nzima. Nasema hivyo kwa kujidai, na anayekereka na akereke. Zahanati yoyote ikizidiwa, mtandao unaounganisha vituo vyote vya afya humtafuta mkunga popote alipo. Yeye huvaa glavu zake hapa hapa jikoni kwetu Muleba, na kule mbali glavu alizovaa muuguzi hufuata kila anachofanya. Haambiwi jina la mzazi, wala kituo. Sheria haitaki mtu apendelee ndugu.

Jumamosi alikuwa anamenya ndizi glavu zilipoita. Alizivaa, nami nikazima jiko. Vidole vyake vilipapasa hewa, kisha vikakandamiza kwa nguvu mpaka jasho likamdondoka.

"Damu imesimama," alisema hatimaye. "Mama mzima, mtoto mzima."

Nusura nimpigie vigelegele, mimi mwanaume mzima.

Hatujamaliza kula, simu ikalia. Alikuwa binti yetu Kemilembe, ambaye tulijua siku zake bado, akipiga kutoka zahanati ya huko alikoolewa.

"Baba, nimejifungua! Damu ilitaka kuniua, ila mikono ikaja."

Nilifungua mdomo nimuulize ilikuwa saa ngapi. Mke wangu akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Usimuulize, Baba Kemilembe," alininong'oneza. "Nikijua alikuwa yeye, kesho nikiitwa nitatetemeka."