Unyayo wa Kizingitini

Siku hizi mafuriko yakikaribia nyumba ya bondeni, mashine huipiga picha, huisaga, kisha huichapa upya kilimani kwa saruji ileile, kama mchoro uliotokana na picha hiyo unavyoagiza. Kazi ya Sikudhani ni kusafisha michoro hiyo. Michoro huja na takataka chungu nzima: misumari, nyufa, viota vya nyigu. Mashine haipokei mchoro mzito, kwa hiyo ofisini kwao huchagua kila kilicho kidogo kuliko kiganja na kukifuta kwa mkupuo.

Zamu ya nyumba yake ilipofika, aliisafisha kama nyingine zote.

Siku ya kuhamia, mumewe, Mkude, hakuingia ndani. Alichuchumaa mlangoni akipapasa kizingiti.

“Mama Tunu, unyayo wa mtoto uko wapi?”

Ndipo Sikudhani alipokumbuka. Tunu alikanyaga saruji mbichi pale, mwaka ule kabla homa haijamchukua.

“Niliufuta,” alisema. “Ulikuwa mdogo mno.”

“Na kule bondeni?”

“Wameshasaga. Saruji yake ndiyo hii.”

Mkude alitazama kuta kwa muda. Kisha akavua viatu, akaingia akinyata, kama apitaye palipolala mtoto.