Mzigo wa Mlimani

Kila asubuhi wafungwa wa kikosi cha kuzima moto wa msituni walipandishwa mlima ulio nyuma ya gereza kwa mazoezi, kila mmoja na gunia la mchanga mgongoni. Siku hiyo Mzee Shekue alianguka katikati ya njia, akashindwa hata kuinua kichwa.

"Inuka, mvivu wewe!" afande Kitwana alifoka. "Moto hausubiri mtu!"

Mbaruku, aliyekuwa nyuma yao, alihisi damu ikimchemka. Kiangazi kilichopita mzee huyu ndiye aliyemburuta kutoka kwenye moshi akiwa hajitambui, na aliyevishwa nishani ni afande. Akalitua gunia lake miguuni pa Kitwana.

"Libebe wewe, afande. Panda nalo mpaka juu, tukuone."

"Nitakufutia msamaha! Si umebakiza mwezi mmoja tu utoke?"

"Futa," Mbaruku alisema. "Lakini mzee hanyanyuki mpaka apumzike."

Akapiga magoti, akaanza kumfungua mzee kamba za mgongoni. Nyuma yake magunia yakawa yanatuliwa, moja baada ya jingine, na wafungwa wakakaa chini. Afande alibaki amesimama peke yake, filimbi mdomoni, hajaipuliza.