Mchanga wa Sumeya

Siku hizi mzazi ndiye anayechagua: kwenye kambi ya likizo ya madrasa, mtoto apelekwe nje kweli, juani, au aingizwe kwenye chumba kinachoiga nje. Mtoto mwenyewe haambiwi, na kwa macho yake hakuna tofauti.

Mwanakheri aliliogopa jua, akachagua chumba. Tangu hapo, kila bintiye akirudi, yeye huangalia nyayo za mtoto zilivyo safi, akajuta.

"Mama, leo nimeijua kibla kwa kivuli changu!" Sumeya alisema kabla hata hajaketi. "Halafu maji yakatuishia, Maalim akatufundisha kutayamamu, kujitwaharisha kwa mchanga. Nimeswali adhuhuri kwa mchanga!"

"Mashaallah, mwanangu."

Mchanga wenyewe wa kile chumba ulikuwa mwanga mtupu. Mwanakheri alijua swala ile haikusihi na deni lake liko shingoni mwake, wala si ya leo tu.

Alasiri, bomba la nyumbani nalo likakauka. Sumeya akaruka kwa furaha. "Tutayamamu, mama! Nitakufundisha!"

Mwanakheri akaona amepewa nafasi ya kulipa kosa lake. Akalifungua dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mtoto azaliwe. Kwa nje, ukingoni, upepo ulikuwa umerundika mchanga mwekundu.

"Haya, piga viganja hapa."

Sumeya akapiga. Akavitazama viganja vyake, akakunja uso, akavifuta kwenye kanga ya mama yake.

"Huu siyo, mama. Mchanga hauchafui mikono."