Ndama wa Tembo na Taya la Mama Yake

Ndama mmoja wa tembo alipotezana na mama yake, akalelewa zizini na ng'ombe. Walimpenda, ila walimkataza kulia kitembo. "Unatutishia watoto," walisema. Ndama akanyamaza, akakua, kisha akaacha kula.

Ng'ombe mzee, aliyekuwa akimwachia kivuli kila mchana, alimwambia, "Mwanangu, nimekuletea kila jani ninalolijua. Dawa yako iko kwa wenzako. Nenda, usije ukanifia hapa."

Ndama akaondoka, akawakuta tembo mtoni. Mmoja alimnusa, akamtambua.

"Mimi ni mama yako mdogo."

"Mama mdogo, naumwa. Mama yuko wapi?"

Mama mdogo alimpeleka kwenye mifupa iliyokauka juani. Ndama akarudi nyuma.

"Nimekuja kutafuta dawa, nawe unanionyesha kifo?"

"Sisi hatuwapiti wafu wetu hivi hivi. Huwa tunawagusa. Anza na taya la mama yako. Ulipokuwa mchanga ulitia mkonga wako kinywani mwake, uonje anachokula, ujue kipi kinaliwa."

Ndama alinyoosha mkonga. Alipoligusa lile taya, alilia kwa sauti aliyokatazwa miaka yote. Hakuna aliyemnyamazisha. Tembo wote wakalia naye.

Jua lilipopoa, alichuma majani, akala huku machozi yakimtoka. Kundi lilikuwa na safari ndefu ya kufuata maji, lakini hakuna aliyeinua mguu mpaka alipomaliza kula.